Daftari la Vita: Dar es Salaam na Pwani Yetu, 1914–1918

Sisi tuliosoma hapa Chalinze tulilala na kuamka kwa ngurumo za malori, mengine yakitoka Morogoro na mengine yakitoka Segera. Mizigo hiyo inayopita leo kwa magurudumu, zamani ilipita vichwani mwa watu. Bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Lugoba, alikuwa na baba yake mdogo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani na Waingereza, asirudi tena. Matanga yake hayakuwekwa, maana hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Nyumbani alitajwa kwa jina moja tu: "yule wa mizigo."

Nilipoajiriwa serikalini na kuanza kushika mafaili, ndipo nilipojiuliza swali ambalo sikupata kujiuliza darasani. Je, serikali ya wakati ule ilikuwa imelala, hata mtu mzima akapotea bila kuandikwa mahali? Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba haikulala hata kidogo.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Mji haukuwa na ngome ya kuzuia manowari. Gavana Heinrich Schnee aliona ni heri mji utangazwe kuwa hauna ulinzi, usipigwe mizinga, naye akahamishia makao yake Morogoro. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya reli, ile ipitayo Ruvu na Ngerengere, ambayo mapema mwaka huohuo ilikuwa imefika Kigoma. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilipiga kituo cha simu za upepo cha Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe wakazamisha gati lao lielealo kwenye mlango wa bandari, ili adui asiingie.

Hapo hapo likazuka tatizo ambalo kila mtumishi wa serikali analifahamu: nani ana kauli ya mwisho? Schnee alitaka kuiokoa miji na watu wake. Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kupigana, na kwa sheria Gavana alikuwa juu yake. Waliendelea kuvutana, lakini kila vita vilivyozidi kukua ndivyo kauli ya Kamanda ilivyozidi kuwa nzito, na ofisi za kiraia zikageuka kuwa ghala na karani wa jeshi.

Waingereza walipoziba njia ya bahari, serikali ilipaswa kujitegemea. Fedha zilipopungua, noti za muda zilichapishwa papa hapa nchini, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikafua sarafu, nyingine zikiwa za dhahabu. Dawa ya homa ya malaria ilitengenezwa Amani, katika milima ya Usambara. Nguo zilifumwa kwa mikono. Ukiyatazama hayo kwa jicho la mtu wa ofisi, huna budi kukiri kuwa mipango ilikuwapo, na hesabu zilifanywa.

Lakini mpango una miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya watu wetu. Amri ilitoka kwa Gavana ikaenda kwa mkuu wa wilaya, ikamfikia liwali na akida, ikaishia kwa jumbe wa kijiji. Jumbe hakuulizwa kama mvua imenyesha. Aliambiwa alete nafaka kiasi fulani na wanaume kadhaa. Watu wa Bagamoyo na bara yake waliijua kazi ya upagazi tangu siku za misafara ya pembe. Lakini mpagazi wa msafara alipatana ujira wake, na alipoonewa aliweza kuutua mzigo akagoma. Mpagazi wa vita hakuwa na nafasi hiyo.

Tarehe 15 Agosti 1916 Waingereza waliiteka Bagamoyo kutoka baharini, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikasalimu amri. Bendera ilibadilika, lakini mzigo ulibaki palepale. Watawala wapya nao walihitaji wapagazi wa kufuata jeshi kusini, wakawakusanya kwa maelfu. Kambi yao katika mji wa Dar es Salaam iliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wetu ukaifanya Kariakoo. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu.

Mwaka 1927 ilisimamishwa Sanamu ya Askari, ile iliyopo Mtaa wa Samora, kuwakumbuka askari na wapagazi. Maandishi yake ni ya Kiswahili na Kiingereza, lakini hayataji jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Tulinganishe na vita vya Kagera. Agosti 1978 nchi yetu ilifanya sensa, ikahesabu watu milioni 17 na nusu. Miezi miwili baadaye majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka. Halmashauri za miji, zilizofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo kwanza zilikuwa zinarudishwa. Za wilaya zilirudi 1984. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa kukusanya nguvu zote, za jeshi na za raia. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kwa kazi ya vita, na mgambo wakaitwa. Dhiki ilikuwapo, na baada ya ushindi Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Lakini mgambo alitoka katika kijiji kilichoandikishwa, kwa balozi wa nyumba kumi aliyemjua yeye na mkewe. Waliokufa wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera, na jamaa zao wana mahali pa kwenda.

Enyi wanafunzi mlio madarasani sasa, baadhi yenu mtakuwa makarani, watendaji wa kata na maafisa wa wilaya. Mtapewa madaftari ya kuandika magunia, mafuta na fedha, nanyi myaandike vema. Lakini kwanza andikeni majina ya watu, na jina la kijiji, na la mzazi. Serikali ya 1914 ilijua idadi ya mizigo yake. Bibi yangu alifariki akiwa bado hajui aliyeubeba mmojawapo amelala wapi.