Namba na Manamba katika Nchi ya Waha

Maneno ya kigeni yameingia katika Kiswahili kwa milango mingi: mengine yalikuja na biashara, mengine na dini, na mengine na amri ya serikali. Neno namba ni la mlango huu wa tatu, na nchi ya Waha, yaani Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma, iliujua vyema uzito wake.

Asili yake ni neno la Kiingereza “number”. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao walilirithi kutoka Kilatini, “numerus”. Wataalamu wengi hulihusisha neno hilo na mzizi wa kale zaidi wenye maana ya kugawa, yaani kumpa kila mtu fungu lake. Katika Kiingereza maana zake ni nyingi: idadi, tarakimu, toleo la gazeti, wimbo mmoja katika tamasha, hata umoja na wingi katika sarufi. Kiswahili hakikulihitaji kwa kuhesabia, maana hesabu, idadi na tarakimu kilikwisha kuzipata kwa Waarabu. Kililichukua hasa kwa alama ya kutambulishia kitu.

Kisha alama hiyo akatiwa mtu. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitaka watu wengi, na serikali ya Kiingereza iliihesabu Buha kuwa ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na mazao ya kuuza yalikuwa haba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi. Vijana wa Buha waliandikwa kwa mkataba, wakapewa namba, wakasafirishwa mbali na kwao. Shambani, kila siku ya kazi ilitiwa alama katika kipande, na mshahara wa mwezi haukutimia mpaka alama 30 zijae.

Hapa sarufi yenyewe inatoa ushahidi. Namba ya kawaida haibadiliki katika wingi: namba moja, namba kumi. Ilipotiwa kiambishi ma- ikawa watu, manamba, kama makarani na madereva. Lakini karani na dereva huitwa kwa kazi zao, ilhali manamba aliitwa kwa alama aliyopewa. Tena hata alipokuwa peke yake aliitwa manamba.

Mfumo huo ulififia katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, ila neno halikufa. Nchini Kenya, manamba amekuwa kijana anayewaita abiria wa matatu. Ng’ambo ya mpaka, Kirundi, ndugu wa Kiha, kilipokea neno lililo jamaa ya hilo kwa njia ya Kifaransa cha Wabelgiji, kikasema inomero. Wakimbizi wa Kongo walipofika Nyarugusu, wilayani Kasulu, mwaka 1996, na wa Burundi walipopokewa Nduta, wilayani Kibondo, mwaka 2015, namba na inomero zilikutana katika kadi za mgawo wa chakula. Hapo maana ya kale ya mzizi ule, kumpa mtu fungu lake, ilirudi kuonekana.

Hivyo basi, mwanafunzi wa neno hili asiishie katika kamusi. Daftari za mkonge zilihifadhi namba. Majina yamehifadhiwa na jamaa za wale waliokwenda. Wazee wanaoyakumbuka wanapungua, na historia ya manamba itakuwa pungufu mpaka wao nao waulizwe.