Mkimbiaji Aliyepima Njia

Kila mchezo wa nguvu una siku ya kumuaga mchezaji wake. Mshairi aweza kuzeeka na utungo wake ukazidi kukolea, na seremala aweza kuishiwa na nguvu za mkono akabaki na maarifa ya jicho. Lakini mkimbiaji humkopa mwili wake, na mwili ni mdai asiyesamehe. Siku ya kulipa ifikapo, wengi huondoka uwanjani kimya kimya, na wengine hubaki barazani wakisimulia ushindi wa zamani. Wapo wachache ambao huondoka katikati ya njia wakasimama kando yake: wakashika saa, wakagawa maji, wakaandika majina ya wanaofika, na wakapima urefu wa safari ambayo wao wenyewe hawawezi tena kuikimbia. Kazi hiyo haina kikombe wala makofi. Ni kazi gani hasa, na ina thamani gani? Jibu moja limo katika maisha ya Mmarekani mmoja, Theodore Corbitt, ambaye watu wa mbio ndefu walimwita Ted.

Corbitt alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika shamba la pamba karibu na Dunbarton, South Carolina. Alikuwa mjukuu wa watumwa. Alianza kukimbia shuleni, akaendelea alipoingia Chuo Kikuu cha Cincinnati, na huko ndiko alikoonjeshwa uchungu ambao wanamichezo weusi wa nchi ile walikuwa wameuzoea. Zilikuwapo siku ambazo hakuruhusiwa kushindana kwa sababu wakimbiaji weupe walikataa kusimama naye kwenye mstari mmoja. Hakushindwa mbio hizo, kwa maana hazikumpokea hata azishindwe. Mtu aliyefungiwa mlango namna hiyo aweza kuuchukia mchezo wenyewe, wala hapana wa kumlaumu. Corbitt hakuuchukia. Baada ya kulitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, alisomea New York utabibu wa kunyosha viungo, na ikawa ndiyo kazi ya maisha yake, kuwahudumia vilema na wagonjwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Na katika mwaka wa 1947 alijiunga na chama cha wakimbiaji kiitwacho New York Pioneer Club, kilichoanzishwa Harlem mwaka 1936, ambacho kiliwapokea watu wa kila rangi wakati ambapo vyama vingi havikufanya hivyo.

Mbio zake za kwanza za marathoni zilikuwa za Boston, mwaka 1951. Mwaka uliofuata alikuwa Helsinki kwa Michezo ya Olimpiki, Mmarekani mweusi wa kwanza kuiwakilisha nchi yake katika marathoni ya Olimpiki. Siku ile ilikuwa ya Emil Zátopek wa Chekoslovakia, naye Corbitt alifika wa arobaini na nne. Mtu mwingine angaliona nafasi hiyo kuwa ndogo akaacha. Yeye aliichukua kama mwanzo wa somo. Mwaka 1954 akawa bingwa wa marathoni wa Marekani. Hakuwa na mwalimu wa kumsimamia kila asubuhi wala mshahara wa kukimbia, kwani mchezo wenyewe siku hizo ulikuwa wa ridhaa. Alikimbia kwenda kazini na kurudi nyumbani, na mara nyingine alikizunguka kisiwa kizima cha Manhattan, safari ya yapata maili 31, kisha akakizunguka tena. Nchini Uingereza alishiriki mara kadhaa mbio za kutoka London kwenda Brighton, ambazo ni zaidi ya maili 50, na mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka hamsini, alikimbia maili 100 kwa saa 13 na dakika 33.

Hata hivyo jambo lililomfanya akumbukwe kuliko ushindi wote lilianza kwa swali ambalo mtu asiye mkimbiaji aweza kulidharau: je, maili hizi ni maili kweli? Katika kiwanja cha duara urefu unajulikana, na saa ikisimama hapana ubishi. Barabarani mambo ni mengine. Waandalizi wengi wa miaka ile walipima njia kwa kuipitisha motokaa na kusoma hesabu yake, na hesabu ya motokaa si amini. Tena motokaa haipiti anapopita mkimbiaji, ambaye huikata kona kwa ndani. Hata Boston, mama wa marathoni zote za Marekani, haikuepukana na kasoro hiyo. Tangu mwaka 1951 hadi 1956 njia yake ilikuwa pungufu ya urefu unaotakiwa, na saa nzuri zilizoandikwa miaka hiyo zilikuwa saa za safari isiyotimia. Miongoni mwa waliokimbia njia hiyo pungufu alikuwamo Corbitt mwenyewe.

Watu wa pwani wanaifahamu dhara ya kipimo cha uongo. Mfanyabiashara mwenye pishi iliyopungua humwibia mnunuzi kila siku, na mnunuzi hajui ameibiwa nini. Njia pungufu ina hila yake: kwanza humpendeza mkimbiaji, kwa maana humpa saa asiyoistahili, kisha humdhulumu yule aliyekimbia njia kamili mahali pengine, ambaye saa yake huonekana mbovu ingawa nguvu zake zilikuwa bora. Palipo na kipimo cha uongo, aliye dhaifu aweza kupewa heshima, na aliye hodari aweza kuachwa nje ya timu ya taifa lake. Mtu aliyewahi kuachwa nje kwa ajili ya rangi ya ngozi yake hakuhitaji kufundishwa maana ya dhuluma hiyo.

Mwaka 1958 wakimbiaji wa New York walianzisha chama chao cha mbio za barabarani, na Corbitt akawa rais wake wa kwanza. Kule Uingereza, John Jewell alikuwa ameichunguza njia ya kupima barabara kwa baisikeli na kuyaandika matokeo yake mwaka 1961. Corbitt aliyasoma, akayajaribu, na mwaka 1964 akatoa kijitabu chake juu ya kupima njia za mbio. Kanuni yake ni nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Mpimaji huweka kwanza urefu fulani kwa utepe wa chuma, akauhakikisha, kisha akaupita kwa baisikeli na kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Akiisha kujua gurudumu lake huzunguka mara ngapi kwa urefu ule, huipanda njia yote ya mbio akifuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji aweza kuupita, kona kwa kona, karibu na ukingo. Mwisho hurudi kwenye utepe ule ule na kulipima gurudumu tena, kwa kuwa jua likipanda upepo ulio ndani ya tairi hutanuka, na gurudumu la alasiri si gurudumu la alfajiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: hapana njia ya kupata ukweli wa maili ishirini na sita ila kuinama juu ya inchi.

Kazi hiyo haikumletea Corbitt senti. Aliifanya baada ya kuwahudumia wagonjwa wake na baada ya maili zake za kila siku, kisha akasaidia kuunda utaratibu ambao kwao njia za mbio katika nchi nzima zilipimwa na kuthibitishwa. Marathoni ya New York ilipoanza mwaka 1970, ndani ya bustani ya Central Park, watu 127 ndio waliojipanga na 55 ndio waliofika mwisho. Corbitt alikuwa miongoni mwa walioisaidia kusimama, naye akaikimbia pia, akafika wa tano akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1976 mbio hizo zilitolewa bustanini zikapitishwa katika sehemu zote tano za mji. Corbitt alikuwa mmoja wa waliolitia nguvu wazo hilo na mmoja wa walioipima njia hiyo mpya.

Lakini katikati ya miaka ya 1970 mdai alikwisha kubisha hodi. Corbitt alipatwa na pumu. Mtu aliyezoea kukizunguka kisiwa kizima kwa pumzi moja sasa aliihesabu pumzi yenyewe, na siku zake za kushindana zikakoma. Hapa ndipo inapoonekana tofauti baina ya anayeupenda mchezo na anayejipenda nafsi yake ndani ya mchezo. Kwa wa pili, njia hufa siku atokapo. Kwa wa kwanza, njia ilikuwapo kabla yake na itakuwapo baada yake, na yeye ni mmoja wa walinzi wake. Corbitt aliendelea kuja kwenye mbio. Alikuja kama msaidizi wa hiari katika mashindano ya kiwanjani na ya masafa marefu, akatoa shauri kwa waliomwuliza, akawahudumia watu waliokuwa vijana wadogo wakati yeye alipokuwa bingwa. Aliyekuwa akihesabiwa mizunguko, sasa alikuwa upande wa wahesabuji.

Yafaa ikumbukwe kwamba mtumishi wa namna hii huwafaa wengine kwa jambo ambalo fedha haiwezi kulinunua. Mtu wa kuajiriwa aweza kushika kikombe cha maji. Lakini aliyepita njia hiyo anajua mkimbiaji wa maili ya ishirini hawezi kuinua mkono juu, na anajua pia ni neno gani lisisemwe wakati huo. Maarifa hayo yaliponunuliwa kwa taabu ya mwili, na mwili ukachoka, yangalipotea bure kama mwenyewe angalikwenda zake nyumbani.

Matunda ya kazi ya kupima yalionekana waziwazi baadaye, tena kwa njia inayowahusu watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, na wakati ule ikatangazwa kwamba ameivunja rekodi ya dunia. Baada ya miaka michache njia ile ilipimwa tena kwa uangalifu zaidi, ikaonekana ilikuwa pungufu kwa kadiri ya mita 150. Hiyo ndiyo adabu ya upimaji: hakuna jina kubwa, la mkimbiaji wala la mpimaji, linaloweza kuusimamisha utepe. Kisha mwaka 1989 Juma Ikangaa wa Tanzania, mwanajeshi ambaye alikuwa amefika wa pili Boston mwaka 1988 na tena mwaka ule ule wa 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Safari hii mita zote zilikuwapo. Saa ya Ikangaa ilidumu kuwa bora kuliko zote za njia hiyo hadi mwaka 2001, wala hapana aliyeweza kuitilia shaka. Mtu wa Dodoma aliyekuja mbali kushindana katika mji wa wageni hakuhitaji upendeleo wa mtu. Alihitaji njia ya kweli na saa ya kweli, akavikuta vyote viwili vimeandaliwa na watu ambao wengi wao hakuwajua kwa sura.

Heshima haikumkosa Corbitt. Mwaka 1998 alikuwa mmoja wa watu watano wa kwanza waliotiwa katika orodha ya fahari ya wakimbiaji wa mbio ndefu wa Marekani. Wala njia haikumsahau kabisa. Uzeeni alirudi kwenye mbio za masafa marefu, safari hii kwa kutembea. Mwaka 2001, akiwa na miaka 82, alikwenda maili 303 katika mashindano ya siku sita. Hakuwa akimkimbiza mtu, na hapana aliyemtazamia kushinda. Alikuwa mzee mmoja akiuzunguka mzunguko, na watu wengine wa hiari kando ya njia wakimhesabia yeye kama alivyowahesabia wenzao. Alifariki tarehe 12 Desemba 2007, mwenye umri wa miaka 88.

Marathoni ya New York, iliyoanza na watu 127, siku hizi hukimbiwa na watu zaidi ya 50,000, na wasaidizi wa hiari wapatao elfu kumi husimama njiani kuwahudumia. Barabarani huchorwa mstari wa buluu unaowaongoza wakimbiaji tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi wanaoukanyaga mstari huo hawajui kwamba kabla ya wao kufika mtu aliinama pale na utepe wa chuma, akahesabu gurudumu, akarudi, akahesabu tena. Wao hutazama mbele, kama ipasavyo. Wakifika mwisho na kuambiwa wamekimbia maili 26 na yadi 385, huamini bila kuuliza, na kuamini kwao ndiko malipo ya aliyepima.