Dawa za Maumivu na Uraibu: Mas-ala Waliyoyatangulia Wanavyuoni

Tumeulizwa zaidi ya mara moja, hapa Dodoma mjini na tulipokuwa Kondoa: je, mgonjwa aliyepasuliwa anaruhusiwa kuchomwa sindano ya mofini, ilhali asili yake ni afyuni? Wanaouliza huwa wameshasikia mawaidha ya subira, na aghalabu hutajiwa kisa cha Urwa bin Zubeir (Allah amrehemu), mmoja wa mafakihi saba wa Madina, aliyekatwa mguu uliooza akakataa kunyweshwa dawa ya kumpotezea fahamu.

Kisa hicho ni sifa ya mtu, si hukumu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliitafiti mas-ala yenyewe: mwenye kiungo kilichooza, akihitaji kuondolewa fahamu ili akatwe, inajuzu? Khilafu ilikuwepo. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H), ambaye Minhaji yake inasomeshwa katika darsa zetu, alisema lililo sahihi zaidi ni kujuzu. Dawa wanayoitaja hapo ni banji, na mwanafunzi asidhani ndiyo bangi yetu. Matabibu wa Kiarabu aghalabu walikusudia mmea mwingine wenye kulaza.

Basi kuondoa maumivu ya kisu hakukuwa na tatizo kwao. Tatizo lilikuwa ni kipimo, na hilo nalo hawakughafilika nalo. Al-Biruni, katika karne ya 5 Hijria, aliandika kwenye kitabu chake cha dawa, As-Saydana, kwamba watu wa nchi za joto, hasa Makka, walizoea kula afyuni kila siku ili kuondoa huzuni na kupata usingizi. Wakianza na kidogo, wakiongeza, hadi kufikia kipimo chenye kuua. Ndugu msomaji, huo ndio uraibu wenyewe, umeelezwa miaka elfu moja iliyopita.

Karne tano baadaye, katika Makka hiyo hiyo, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H) aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akiiacha ataangamia. Hakumfukuza. Alijibu kuwa ikiyakinika kwamba ataangamia, inamjuzia, bali inamwajibikia kula kiasi cha kumwokoa, na ni wajibu wake apunguze kidogo kidogo mpaka mwili uachane nayo. Sisi tunaiona fat'wa hii kuwa miongoni mwa zenye huruma kubwa katika vitabu vyetu, na inashangaza namna isivyosomwa mimbarini.

Madaktari wa leo wanazuia uraibu kwa njia inayokaribiana na hiyo. Baada ya upasuaji huanza na parasetamoli na dawa za jamii ya daiklofenaki kwa asiyedhurika nazo, pengine hufisha ganzi sehemu iliyokatwa, na mofini huongezwa pale maumivu yanapozidi, kwa siku chache, kisha hupunguzwa. Marekani walilipuuza hilo. Kampuni ya Purdue ilianza kuuza vidonge vya OxyContin mwaka 1996, na mwaka 2007 kampuni mshirika wake ilikiri mahakamani kwamba watu walipotoshwa juu ya hatari yake ya uraibu. Wengi walianzia kwenye karatasi ya daktari.

Kwetu hali ni nyingine. Unga ulituingilia pwani tangu miaka ya 1980, na vijana wengi tuliowaona wameharibika waliupata mtaani, si wodini. Kwa hiyo kumnyima mama aliyepasuliwa dawa yake kwa kuogopa uteja ni kumtoza deni lisilo lake. Linalotupasa tunapomzuru mgonjwa ni kuuliza dawa inaisha lini, nani anaitunza, na vidonge vilivyobaki vimerudishwa au vimewekwa kabatini, mahali kijana wa nyumba anapoweza kuvifikia.

Na aliyekwisha kunasa? Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na hapa Dodoma huduma hiyo ipo Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Mraibu huinywa mbele ya mhudumu, kila siku, ili asishikwe na arosto akarudi kwenye unga. Wengine hupunguziwa, wengine huendelea kwa miaka. Baadhi ya maimamu wanasema huko ni kubadilisha kileo kwa kileo. Tunawaomba waifungue Al-Fatawa al-Fiq-hiyya al-Kubra ya Ibn Hajar, waisome jawabu ile mbele ya wanafunzi wao.