Enzi ya Jazi Pembezoni mwa Minneapolis

Crystal, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, ilipata hadhi ya kijiji mwaka 1887. Ilikuwa nchi ya wakulima. Mwaka 1893 sehemu yake moja ilijitenga na kuwa Robbinsdale, na ni katika mji huo mdogo ambapo Wilford Fawcett, aliyekuwa kapteni jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alianzisha mwaka 1919 jarida la vichekesho liitwalo Captain Billy's Whiz Bang. Utani wake ulikuwa wa ulevi, mapenzi na wachungaji wanafiki, mambo ambayo wazee wa kanisa hawakutaka yatajwe hata barazani. Muda si mrefu nakala zake zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu kila mwezi, na mwaka 1922 Fawcett akaongeza True Confessions, jarida la visa vya mapenzi na majuto. Adabu mpya za vijana wa Marekani, ambazo wengi walidhani zinatengenezwa New York, zilikuwa zikichapishwa jirani kabisa na mashamba ya Crystal.

Jina la enzi yenyewe lilienezwa na mwana wa eneo hilo. F. Scott Fitzgerald alizaliwa Saint Paul mwaka 1896, akaikamilisha riwaya yake ya kwanza akiwa nyumbani kwa wazazi wake, barabara ya Summit, mwaka 1919. Mwaka 1922 alitoa mkusanyo wa hadithi Tales of the Jazz Age. Wasichana wake hukata nywele, huvuta sigara na kucheza dansi bila mlezi kando. Siasa nayo ilibadilika: wanawake walipata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920, na miaka miwili baadaye wanne wakachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota.

Minnesota hiyohiyo ilikuwa imeipa nchi sheria ya kukataza pombe. Mbunge Andrew Volstead wa Granite Falls ndiye aliyeipa jina lake sheria iliyoanza kutekelezwa Januari 1920. Bei za mazao zilipoporomoka baada ya vita, baadhi ya wakulima wa wilaya ya Stearns waligeukia kutengeneza gongo ya mahindi. Ilijulikana kama Minnesota 13, jina la mbegu ya mahindi iliyotolewa na chuo kikuu cha jimbo. Huko Saint Paul, polisi walikuwa na mazoea ya tangu mwanzoni mwa karne: mhalifu aliyekuja mjini aliachwa kwa amani mradi asiibe wala kuua ndani ya mji. Chini ya kivuli hicho pombe ya magendo ilistawi hadi katazo lilipofutwa mwaka 1933.

Redio ndiyo iliyoondoa umbali baina ya shamba na ukumbi wa dansi. Mwaka 1924 kampuni ya unga ya Washburn-Crosby ilichukua kituo kilichokuwa kikifilisika na kukiita WCCO. Mkesha wa Krismasi mwaka 1926 kituo hicho kilirusha wimbo wa kutangaza nafaka ya Wheaties, mojawapo ya matangazo ya kwanza ya biashara kuimbwa redioni. Mwanamke aliyekuwa akikamua ng'ombe Crystal sasa alisikia muziki uleule aliousikia bibi wa mjini, na akashawishiwa kununua bidhaa zilezile.

Muziki wenyewe ulikuwa wa watu weusi. Ulipanda mto Mississippi kutoka New Orleans hadi Saint Paul katika meli za starehe za kampuni ya Streckfus, zenye bendi za watu weusi na abiria ambao kwa kawaida walikuwa wazungu. Lester Young, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wapuliza saksafoni wakubwa kabisa, alikulia katika bendi ya baba yake na kuishi Minneapolis katika ujana wake. Kufikia mwaka 1930 weusi walikuwa takriban 4,000 tu katika kila mmoja wa miji hiyo miwili, lakini sauti yao ilijaa kumbi zote.

Miili yao haikupokelewa hivyo. Tarehe 15 Juni 1920, umati huko Duluth uliwanyonga vijana watatu wa sarakasi, Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie. Nellie Griswold Francis wa Saint Paul aliongoza kampeni iliyoleta sheria ya jimbo dhidi ya mauaji ya aina hiyo mwaka 1921. Mwaka huohuo Lena Olive Smith akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Minnesota. Kwa kuwa hoteli ziliwakataa wageni weusi, kituo cha Phyllis Wheatley, kilichofunguliwa kaskazini mwa Minneapolis mwaka 1924 chini ya W. Gertrude Brown, kiliwapa malazi wasanii na wasomi mashuhuri. Hati za viwanja nazo ziliandikwa masharti ya kumzuia mtu mweusi kununua au kukaa. Nellie na mumewe William waliponunua nyumba katika mtaa wa wazungu mwaka 1924, majirani walifanya maandamano na msalaba ukachomwa moto. Miaka mitatu baadaye William T. Francis aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani Liberia, ambako alifariki mwaka 1929.

Hapo ndipo penye mkanganyiko wa enzi hiyo. Utamaduni ulibadilika haraka kwa sababu mabadiliko yake yalinunulika: jarida, redio, chupa, tiketi ya dansi. Makazi hayakuachwa kwa soko. Yalilindwa kwa hati na sheria. Minnesota ilipiga marufuku masharti mapya ya ubaguzi mwaka 1953, na sheria ya taifa ya makazi ya haki ikaja mwaka 1968. Leo vitongoji vya kaskazini-magharibi, Crystal na majirani zake, vina familia nyingi kutoka Liberia na Kenya. Zinanunua nyumba pale ambapo, miaka ya jazi, mpiga saksafoni mweusi angeweza kusikika sebuleni lakini asingeuziwa kiwanja.