Wati za kwenye boksi na wati za kweli

Mtu akipanga kujenga kompyuta ya gemu, mazungumzo yote huwa ni kadi ya grafiki, prosesa na RAM. Pawa saplai hubaki mwisho, na hununuliwa kwa chenji iliyobaki. "Niwekee yoyote, bora ifike wati 600." Tatizo ni kwamba ile 600 iliyoandikwa ubavuni ni dai la aliyeiandika. Historia ya kifaa hiki, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu kujifunza kutoamini dai hilo mpaka walipime.

Kwanza kazi yake. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, kwetu volti 230. Kompyuta inataka mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, tena uliotulia. Njia ya zamani ilikuwa kuupitisha umeme kwenye transfoma kubwa ya chuma, kisha ziada yote igeuzwe kuwa joto. Inafanya kazi, ila ni nzito na inapoteza umeme mwingi. Njia nyingine ni ya kuukatakata: transista inafungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Masafa yakiwa juu hivyo, transfoma ndogo tu inatosha, na mzigo wa kilo kadhaa unakuwa kitu cha kubeba kwa mkono mmoja.

Njia hii ya kukatakata ndiyo iliyoingia ndani ya Apple II mwaka 1977, kwenye pawa saplai ya wati 38 iliyobuniwa na Rod Holt. Steve Jobs baadaye alimwambia mwandishi wa wasifu wake, Walter Isaacson, kwamba kompyuta zote za leo zimeiga ubunifu wa Holt. Mhandisi Ken Shirriff alilichimba dai hilo na kuonyesha kuwa teknolojia yenyewe ilikuwepo tayari. Kilichoisukuma mbele zaidi ni transista kuwa bora na za bei nafuu. Holt alifanya kazi nzuri sana, hilo halina ubishi. Lakini ona: hata hadithi ya kuzaliwa kwa kifaa hiki ilisambaa kabla haijakaguliwa.

IBM PC ya mwaka 1981 ilitoka na pawa saplai ya wati 63.5. Hebu ilinganishe na kadi moja ya grafiki ya leo inayokula wati 450! XT ya 1983, iliyokuja na diski ngumu, ikapanda hadi wati 130, na AT ya 1984 ikafika 192. Wakati huo mnunuzi hakuwa na cha kutathmini. Kiwanda kimoja kilijua kilichomo ndani ya mashine yake na kikaweka umeme wa kutosha. Mambo yalibadilika kompyuta za kuiga IBM zilipozagaa, kila fundi akawa anaunganisha vipande vya kampuni tofauti. Hapo pawa saplai ikawa bidhaa inayojitegemea, yenye boksi lake na namba yake.

Zile za enzi ya AT zilikuwa na mitego. Plagi mbili za mazabodi zilifanana, na ukizibadilisha nafasi unaweza kuiua bodi; mafundi walikariri kwamba nyaya nyeusi zikutane katikati. Halafu kulikuwa na ile swichi nyekundu ya nyuma, 115 na 230. Kwa umeme wa volti 230, kapasita mbili kubwa za ndani hugawana takriban volti 325. Swichi ikiwa upande wa 115, saketi inazidisha volti mara mbili, maana imetengenezwa kwa umeme wa Marekani. Sasa chomeka mashine ya aina hiyo kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Nairobi bila kuigeuza swichi: kila kapasita inajaribu kubeba zaidi ya volti 300, wakati mara nyingi imeandikwa 200. Mlio wake huusahau.

Mwaka 1995 Intel ilileta ATX, ikiwa na plagi moja isiyoingia kinyume. Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalikuja na Pentium 4 mwaka 2000, ambapo prosesa ilianza kulishwa kwa waya wake maalumu wa volti 12. Sababu ni hesabu ya sekondari. Wati 60 kwa volti 5 ni ampea 12. Kwa volti 12 ni ampea 5 tu. Na kwa kuwa joto la kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, waya uleule unapata joto pungufu karibu mara sita.

Kuhamia volti 12 ndiko kulikoiumbua namba ya kwenye boksi. Pawa saplai inaweza kuandikwa wati 500, lakini sehemu kubwa ya hizo ikawa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya gemu haina shughuli nyingi. Kwa hiyo usisome herufi kubwa, soma jedwali dogo lililobandikwa kwenye bati lenyewe. Likisema 12V, 25A, zidisha: wati 300. Hicho ndicho prosesa na kadi ya grafiki watakachogawana.

Lakini jedwali nalo limeandikwa na muuzaji yuleyule. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita nyingi zenye kemikali mbovu ziliingia sokoni, na kompyuta duniani kote zikawa zinakufa vichwa vya kapasita vikiwa vimevimba. Kwenye majaribio ya magazeti, hata hivyo, wengi waliwasha tu mashine, wakasoma mita, wakasema volti ziko sawa. Huko ni kama kumpima mchukuzi akiwa amekaa. Watu kama Jon Gerow, anayejulikana kama jonnyGURU, walifanya tofauti: waliiwekea pawa saplai mzigo kamili wa namba yake, ndani ya boksi la joto, na kuangalia kwa oskiloskopu kama umeme unatetemeka. Mwongozo wa Intel unaruhusu mtetemo wa milivolti 120 kwenye waya wa volti 12, usizidi. Kisha wakafungua bati na kukagua lehemu. Baadhi ya vifaa vya bei rahisi vilikufa mezani kabla ya kuifikia namba iliyoandikwa.

Mwaka 2004 ikaja nembo ya 80 Plus, baadaye ikapata ngazi zake, Bronze, Gold na kuendelea. Ni kitu chenye manufaa. Ukihitaji wati 300 na ufanisi ni asilimia 80, unavuta 375 ukutani. Kwa asilimia 90 unavuta 333. Kwa anayecheza saa nne kila siku ni kama uniti tano kwa mwezi. Ila ilianzishwa kupima ufanisi, tena kwa umeme wa volti 115 na joto la kawaida la chumbani. Haikupima mtetemo, wala kama kinga za ndani zinawahi kukata. Wanunuzi wakaigeuza kuwa cheti cha ubora wa kila kitu, na wauzaji hawakuwasahihisha.

Mwaka 2021 tuliona gharama yake. Pawa saplai mbili za Gigabyte, za wati 750 na 850, zote zenye nembo ya Gold, zililipuka kwenye majaribio, wakiwemo Gamers Nexus walioonyesha cheche kwenye video. Kampuni ililaumu namna zilivyojaribiwa, lakini pia ilishusha kiwango cha kinga dhidi ya mzigo uliozidi, kutoka asilimia 120 hadi 150 ya namba, hadi asilimia 110 hadi 120. Nembo haikuwa ya uongo. Ilijibu swali lingine kabisa.

Toleo la ATX 3.0 la mwaka 2022 liliingia kwenye swali lililosahaulika: kadi za sasa huruka ghafla, kwa hiyo pawa saplai kubwa yenye plagi mpya sharti ivumilie mara mbili ya namba yake kwa sekunde 0.0001. Vizuri. Lakini plagi hiyohiyo mpya inabeba hadi wati 600, yaani ampea 50 kwa pini sita, zaidi ya 8 kila moja. Plagi ya zamani ya wati 150 ilibeba kama 4 kwa pini. Kadi za RTX 4090 zilipotoka mwaka huohuo, picha za plagi zilizoyeyuka zikaanza kusambaa, mara nyingi pale plagi ilipokuwa haijazama hadi mwisho. Mwaka 2023 pini ndogo za kuhisi zikafupishwa, ili plagi iliyolegea isiruhusu kadi kuvuta umeme kabisa.