Lebanon ni nchi ya namna gani, na kazi za ndani huko zikoje?

Jina la Lebanon hutufikia kwenye kipindi kwa njia mbili. Kuna msikilizaji aliyelisikia kwenye taarifa ya habari, pamoja na Israel na Hezbollah, na anataka kujua wanagombania nini. Na kuna mwingine mwenye binti. Mama mmoja wa upande wa Dongobesh alitupigia akisema mtoto wa dada yake amepata wakala wa kumpeleka Beirut kufanya kazi za ndani, na kwamba wakala huyo amemwambia Beirut iko Dubai.

Haiko Dubai. Beirut ni mji mkuu wa Lebanon, uko kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania, na kutoka Dubai ni mwendo wa takriban saa nne kwa ndege. Makala hii ni kwa ajili ya wasikilizaji wote wawili, maana mambo ya yule wa kwanza ndiyo yanayoeleza shida za yule wa pili.

Ni nchi ndogo sana. Eneo lake ni kilomita za mraba 10,452, yaani Mkoa wetu wa Manyara peke yake ni zaidi ya mara nne ya Lebanon nzima. Inapakana na Syria na Israel. Ni nchi ya milima, na mti wa mwerezi uko katikati ya bendera yake. Mlima mrefu kuliko yote huko una mita 3,088, hivyo Hanang wetu, wenye zaidi ya mita 3,400, unaupita, ingawa wao wakati wa baridi wanapata theluji na sisi tunapata ukungu. Nyuma ya milima kuna Bonde la Beqaa, wanakolima ngano, viazi na zabibu. Wanajiografia wa zamani walilihesabu bonde hilo kuwa ncha ya kaskazini ya Bonde la Ufa, lile lile ambalo mtu wa Mbulu analiona akisimama ukingoni na kutazama chini.

Chakula chao kinategemea ngano kuliko sisi tunavyotegemea mahindi. Asubuhi ni mkate bapa unaoitwa manushe, umepakwa mafuta ya zeituni na majani makavu ya zaatari. Kuna kibe, nyama iliyosagwa pamoja na ngano, na tabule, kachumbari ya majani ya kotimiri yenye punje za ngano. Lakini ngano ya Beqaa haitoshi. Nyingi inaletwa kwa meli, na kwa miaka mingi sehemu kubwa imetoka Ukraine.

Ndiyo maana mlipuko wa bandari ya Beirut uliwaumiza mara mbili. Tarehe 4 Agosti 2020 jioni, takriban tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali inayotumika kutengeneza mbolea na baruti, zililipuka kwenye ghala la bandari zilikokuwa zimewekwa kwa karibu miaka sita. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu walijeruhiwa. Maghala makubwa ya nafaka yalikuwa jirani kabisa. Yaliharibiwa vibaya, ingawa kuta zake nene zilipunguza nguvu ya mlipuko kwa upande wa magharibi wa mji. Sehemu yake iliyobaki imesimama ilianza kuporomoka mwaka 2022.

Kabla ya hapo tayari hali ilikuwa mbaya. Kwa zaidi ya miaka 20 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa lira 1,507 hivi. Mwaka 2019 benki zikaishiwa dola, watu wakazuiwa kutoa akiba zao wenyewe, na lira ikaanza kuanguka hadi dola moja ikafika lira 89,000 na zaidi. Fikiria mwalimu aliyekuwa akilipwa vizuri, ghafla mshahara wake hautoshi kujaza tangi la gari. Oktoba mwaka huo serikali ilipotaka kutoza kodi simu za WhatsApp, watu walijaa barabarani kwa maelfu, lakini hasira yao ilikuwa ya mambo mengi kuliko hiyo kodi.

Umeme wa serikali huja kwa saa chache kwa siku. Muda uliobaki mtu analipia jenereta la mtaa, kila mwezi, kwa mwenye jenereta anayejulikana na wote. Maji nayo mara nyingi hununuliwa kwa lori. Dukani bei hutajwa kwa dola. Mtu wa Katesh anayeijua adha ya umeme kukatika angeelewana na mtu wa Beirut bila mkalimani.

Kuhusu siasa, jambo la kushika ni moja: madaraka yamegawanywa kwa dini. Rais lazima awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Mwislamu wa Sunni, spika wa bunge Mwislamu wa Shia. Viti 128 vya bunge vinagawanywa nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu. Madhehebu yanayotambuliwa kisheria ni 18. Mpango huu ulikusudiwa kila upande upate chake. Matokeo yake, kila jambo kubwa hukwama mpaka wakubwa wa madhehebu wakubaliane. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1990 walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hezbollah, kundi la Washia linaloungwa mkono na Iran, ni chama chenye wabunge na papo hapo ni jeshi lenye silaha zake.

Oktoba 2023, baada ya vita vya Gaza kuanza, Hezbollah na Israel walianza kurushiana makombora mpakani. Septemba 2024 vikawa vita kamili. Vifaa vidogo vya kupokea ujumbe vililipuka mikononi mwa wanachama wa Hezbollah, kiongozi wao Hassan Nasrallah akauawa, na zaidi ya watu milioni moja wakakimbia makazi yao. Kusitisha mapigano kulianza tarehe 27 Novemba 2024, lakini mashambulizi yaliendelea kuripotiwa hata baada ya hapo. Januari 2025 bunge lilimchagua Joseph Aoun, aliyekuwa mkuu wa jeshi, kuwa rais, baada ya nchi kukaa zaidi ya miaka miwili bila rais.

Lakini si vita tu. Mimi kama mtangazaji nimependa jambo moja la watu hawa: asubuhi redio nyingi hupiga nyimbo za Fairuz, mwimbaji mkongwe kuliko wote nchini humo, na watu hunywa kahawa wakimsikiliza. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikataa kuimba kwa ajili ya upande wowote, kwa hiyo hata leo kila dhehebu linamwita wa kwake. Mwanawe Ziad Rahbani, mtunzi na mwandishi wa tamthilia, alifariki Julai 2025, na nchi nzima ilisimama.

Walebanoni wenyewe pia wamesimulia habari za watumishi wa ndani. Filamu ya Capernaum ya mwongozaji Nadine Labaki, iliyopata tuzo ya majaji Cannes mwaka 2018, inamhusu mtoto wa mtaani anayehifadhiwa na Rahil, mama wa Kiethiopia asiye na vibali. Rahil anamficha mtoto wake mchanga kazini. Anapokamatwa, kichanga kinabaki mikononi mwa yule mtoto wa mtaani.

Kwa nini Rahil hana vibali? Kwa sababu ya utaratibu unaoitwa kafala, na hapa naomba msikilizaji mwenye binti asome taratibu.

Kafala maana yake ni udhamini. Mfanyakazi wa ndani kutoka nje anaingia Lebanon kwa jina la mwajiri mmoja, kafili wake. Kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa mtu huyo. Akiondoka kwenye nyumba hiyo bila ridhaa ya kafili, hata kama ni kwa sababu ya kipigo au mshahara ambao haujalipwa, anakuwa mhamiaji haramu siku hiyo hiyo na anaweza kukamatwa. Sheria ya kazi ya Lebanon ya mwaka 1946, katika kifungu cha 7, inawatoa kabisa watumishi wa ndani. Kwa hiyo saa za kazi, likizo na kima cha chini cha mshahara vinavyolindwa na sheria hiyo haviwahusu. Septemba 2020 serikali ilitoa mkataba mpya uliokuwa na nafuu, lakini mwezi uliofuata mahakama ya juu ya utawala ikausimamisha baada ya wamiliki wa mawakala kuupinga.

Kuna na jambo la pesa. Mwajiri humlipa wakala fedha nyingi kabla mfanyakazi hajafika. Wengi hujiona wamenunua, hivyo huchukua pasipoti na kufunga mlango ili "mali" isipotee. Mshahara pia hutegemea umetoka nchi gani, siyo unajua nini.

Uchumi ulipoanguka, mzigo ulimwangukia mtu wa chini. Juni 2020 waajiri walikuwa wakiwashusha wanawake wa Kiethiopia na mabegi yao nje ya ubalozi mdogo wa nchi yao Beirut na kuondoka. Agosti mwaka huo, baada ya mlipuko, wanawake wa Kenya walilala nje ya ofisi ya konseli wa heshima wa Kenya wakidai kurudishwa nyumbani. Januari 2022 Wakenya wengine walilala hapo tena. Na katika vita vya 2024, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilieleza kwamba baadhi ya waajiri walikimbia mabomu wakiwaacha watumishi nyuma, wengine wakiwa wamefungiwa ndani. Kenya ilisema wakati huo ina raia zaidi ya 26,000 Lebanon, na haikuwa na ubalozi kamili Beirut. Tanzania pia haina.

Watanzania wengi wanaokwenda Uarabuni huenda Oman na Falme za Kiarabu. Huko nako kafala ipo, na shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya Watanzania walioteswa huko katika ripoti ya Novemba 2017. Tofauti ni kwamba Muscat binti anaweza kukutana dukani na mtu anayeongea Kiswahili. Beirut hilo ni bahati. Wenye ruhusa ya kutoka Jumapili hukutana mtaa wa Dora, kwenye maduka ya Waethiopia na Wafilipino. Wengi hawaruhusiwi kutoka.

Simwambii mtu asisafiri. Mabinti wa Mbulu na Hanang wamekuwa wakienda kutafuta kazi za ndani Arusha na Dar es Salaam tangu zamani, na wapo waliojenga kwa pesa hiyo. Lakini kabla ya kwenda nje ya nchi, wakala awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na jina lake liulizwe TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Mkataba usomwe hapa nyumbani, kwa Kiswahili, ukiwa na jina na anwani ya mwajiri. Ukiambiwa uvuke Namanga kimya kimya, au useme unakwenda kutembea, hapo hakuna kibali cha kazi. Nakala ya pasipoti ibaki kwa mzazi, na namba ya simu ya nyumbani aikariri kichwani, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Yule mama wa Dongobesh tulimshauri amuulize wakala jina la mwajiri. Alitupigia tena baada ya siku mbili. Jibu alilopewa lilikuwa: "Atamjua akifika."