Mkoa wa Kagera na Umoja wa Afrika Mashariki

Kila tunapofundisha somo la kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, wanafunzi hutupa majibu yale yale matatu: tofauti ya siasa baina ya Tanzania na Kenya, uasi wa kijeshi wa Idi Amin wa Januari 1971, na mgawanyo usio sawa wa faida. Majibu hayo ni sahihi. Lakini yote yanatazama mambo kutoka miji mikuu, kana kwamba umoja wa nchi huishi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tu. Katika makala hii tunaliuliza swali hilo kutoka mkoani. Tumeuchagua mkoa wa Kagera, ambao hadi 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, kwa sababu umewahi kuunganishwa na majirani zake na kutenganishwa nao mara nyingi kuliko mikoa mingi ya nchi yetu.

Tuanze na mkoloni. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai, 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zilizo magharibi ya Ziwa Victoria kwa kufuata mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Mstari huo ulichorwa Ulaya. Haukuufuata mto Kagera, ambao mwenyeji aliuona kwa macho, bali uliacha kipande cha ardhi kaskazini ya mto katika upande wa Wajerumani. Wala haukujali kwamba Mnyambo wa Karagwe na Mnyankole huelewana bila mkalimani.

Baadaye, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, mkoa huo huo uliunganishwa tena na majirani, safari hii kwa faida ya biashara ya kibeberu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka 1928. Basi kahawa ya Bukoba ilipakiwa melini, ikavuka ziwa hadi Kisumu, ikateremshwa Mombasa. Kilimanjaro nako reli ya kutoka Voi, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilivuta mazao kwenda Mombasa badala ya Tanga. Kuanzia 1927 Tanganyika ilikuwa ndani ya umoja wa forodha pamoja na Kenya na Uganda. Kwa hiyo mikoa yetu mikubwa ya kahawa ilikwisha kuwa shamba la bandari ya nchi nyingine kabla neno Jumuiya halijatamkwa. Mkulima hakuulizwa.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni, 1967, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba. Tusiwanyime haki walioutunga: walijua kwamba urithi ule haukuwa wa usawa. Ndiyo maana waliweka kodi ya uhamisho, ili nchi iliyo nyuma ilinde viwanda vyake vichanga dhidi ya bidhaa za jirani. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa kuelekeza asilimia 38.75 ya mitaji yake Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala.

Kasoro ni kwamba hesabu yote ilifanywa nchi kwa nchi. Kenya ilihesabiwa kuwa imeendelea, ingawa mfugaji wa Turkana hakuwa na fungu katika viwanda vya Nairobi. Kiwanda kikijengwa Dar es Salaam, Tanzania ilihesabiwa kuwa imefidiwa, hata kama Bukoba haikuona tofauti yoyote. Mkataba uliunda Mamlaka ya marais watatu, mawaziri, mabaraza na Bunge la Jumuiya. Haukuunda chombo chochote cha kuikutanisha mikoa.

Hapa na sisi tujikosoe. Julai 1972 tulianzisha Madaraka Mikoani. Mkoa ulipewa Mkurugenzi wa Maendeleo na uwezo wa kupanga visima, barabara na zahanati zake. (Kwamba halmashauri za wilaya zilivunjwa wakati huo huo na kurejeshwa 1984 ni mada inayojitegemea.) Lakini shughuli na jirani aliye ng'ambo ya mpaka ziliachwa wizarani. Kwa hiyo Mamlaka ya marais iliposhindwa kukutana baada ya 1971, kamba ilikatika juu na chini hapakuwa na uzi wa kuishikilia. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983. Kagera gharama yake ilikuwa damu. Tarehe 1 Novemba, 1978 Amin alitangaza kuwa kile kipande cha kaskazini ya mto, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Mstari wa 1890 uliwaangukia wananchi: watu waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa.

Jambo moja hutajwa kwa nadra sana. Tarehe 24 Agosti, 1977, Jumuiya ikiwa haijamaliza miezi miwili kaburini, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini huko Rusumo mkataba wa kuendeleza bonde la mto Kagera. Uganda ilijiunga 1981. Umoja huu ulianza na mto wenyewe: umeme, kilimo, usafiri wa watu wa bonde moja. Haukufanikiwa sana. Vita vya Rwanda na Burundi viliuvuruga, na Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Shirika lilivunjwa 2004. Hata hivyo wazo la umeme halikufa, na leo mitambo ya Rusumo, yenye uwezo wa megawati 80, inagawiwa sawa kwa nchi tatu.

Jumuiya mpya, iliyoanza kazi Julai 2000, imeusogelea mpaka zaidi. Mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 hutumia cheti kilichorahisishwa. Mutukula pana kituo cha pamoja cha forodha. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, huingia nchini kwa kupitia Kagera. Lakini kahawa bado inavuka kwa magendo kila bei ya Uganda inapozidi ya kwetu, na wapo makada wanaomwita mkulima huyo msaliti. Sisi hatukubali neno hilo. Mkoa huo huo ulitumia kwa miaka mingi umeme ulionunuliwa Uganda, na hakuna aliyeitwa msaliti kwa kuwasha taa.

Tunapendekeza madarasa ya itikadi ya Missenyi, Kyerwa, Rombo, Longido na Tarime yajadili suala hili kwa takwimu za wilaya zao: ni mazao gani yanavuka, nani anapanga bei, na ni kikao gani kinachomkutanisha kiongozi wa wilaya na mwenzake wa upande wa pili kabla ya askari wa mpakani kukutanishwa na magunia.